Jinsi takwimu za maji za Nyanda za Juu Kusini zilivyotoka kabatini

Ukiuliza vituo vya kuchotea maji vijijini Tanzania vinaitwaje, jibu linalojirudia kuliko mengine ni Shuleni. Nyuma yake yanafuata Zahanati, Msikitini na Kanisani. Hilo si la kukisia, lipo kwenye jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua leo: vituo 59,400, kila kimoja na mstari wake. Nani alifadhili, nani alijenga, maji yanasukumwa na pampu au yanakuja kwa mserereko, watu wanalipia kwa ndoo, kwa mwezi, au hawalipi kabisa. Safu ya mwisho ndiyo inayouma. Wakati wa kuhesabiwa, vituo 32,259 vilikuwa vinatoa maji, 4,317 vilikuwa vinatoa lakini vinadai matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa.

Mkoa wenye mistari mingi kuliko yote ni Iringa, 5,294. Mbeya ni wa tatu, 4,639. Historia ya jedwali hili ni ya kwetu, Nyanda za Juu Kusini, ndiyo maana naiandika.

Naanzia Njombe, ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Shirika la Daraja, lililokuwa na makao yake mjini humo, lilibuni mradi wa Maji Matone: mwananchi akikuta koki imekauka, atume ujumbe wa simu, na habari imfikie mhandisi wa maji wa wilaya. Lengo lilikuwa ujumbe 3,000. Majaribio yalipokwisha, ulikuwa umefika ujumbe 53.

Desemba 2011 Daraja walitangaza wenyewe, hadharani, kwamba mradi umeshindwa. Nauheshimu uamuzi huo kuliko ripoti nyingi za mafanikio nilizowahi kusoma. Ukitazama sababu, unaiona asubuhi ya kijiji chochote cha huku: anayebeba ndoo ni mama au mtoto, simu iko mfukoni mwa baba, mtandao unashika mlimani, bondeni haushiki, na kulalamikia koki ni kumlalamikia mwenyekiti wa kijiji ambaye kesho utahitaji muhuri wake.

Miaka hiyohiyo wanasayansi wa kompyuta walikuwa na dai lao. Mwaka 2009 Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alizitaka serikali zitoe takwimu zikiwa ghafi, zisisubiri kuzipamba. Yeye na mwenzake Nigel Shadbolt waliisaidia Uingereza kufungua hazina yake ya takwimu mwaka 2010. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki akazindua ya Kenya, kazi iliyosukumwa na Katibu Mkuu wa wizara ya habari, Bitange Ndemo. Mwaka huohuo Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi.

Mwaka huohuo pia anaingia Mark Iliffe, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Alikuwa ameshiriki kuchora ramani ya Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wa mtaa wenyewe. Oktoba, London, watengeneza programu walikutana kutafuta suluhisho la matatizo ya maji. Hapo yeye na wenzake wakaanzisha programu ya wananchi kuripoti huduma zilizoharibika. Waliijenga juu ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya katika machafuko ya uchaguzi ya mwanzoni mwa 2008, wakaipa jina la Kiswahili: Taarifa.

Kazi ya jasho ilifanyika vijijini. Wahesabuji waliofanya kazi kwa ajili ya Wizara ya Maji walikwenda kituo hadi kituo wakiwa na GPS na fomu, na mistari mingi ya jedwali ina tarehe za kati ya 2011 na 2013. Taarifa ikakusanya takwimu hizo za Wizara, kisha zikatolewa kwa shindano la dunia nzima kupitia tovuti ya DrivenData ya Marekani: nani anaweza kutabiri kituo kipi kitakuwa kimeharibika? Maelfu ya watu walijiunga. Katika mistari waliyopewa, wilaya yenye vituo vingi kuliko zote ni Njombe, ileile ya Daraja: 2,503. Rungwe ina 1,106, Mbozi 1,034.

Zilipofunguliwa, aibu zake nazo zilionekana. Vituo vya Mbeya vimeandikiwa mwinuko wa mita sifuri kutoka usawa wa bahari, kana kwamba Rungwe iko ufukweni. Mwaka wa ujenzi nao ni sifuri katika mistari zaidi ya 20,000. Takwimu zikikaa kabatini, kosa la namna hii linaweza kuzeeka humo bila mtu kuligundua. Hili liligunduliwa na wanafunzi wa nchi za mbali ambao hawajawahi kuuona Mlima Loleza wa Mbeya.

Iliffe aliendelea na Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam 2015 kwa ajili ya mafuriko, kisha akaenda Umoja wa Mataifa kwenye masuala ya taarifa za kijiografia. Hapa nyumbani mlango ulirudishwa nusu. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa uwazi. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yakamfanya mtafiti ajiulize kama atashtakiwa kwa kuchapisha namba, hadi yalipolegezwa 2019. Mwaka huohuo wakala wa serikali, RUWASA, ulianza kazi ya kusimamia maji vijijini.

Jedwali bado liko wazi. Mwaka ilipojengwa koki ya Shuleni wanaujua wazee waliochimba mtaro wake kwa jembe. Kwenye mistari ya Mbeya, bado ni sifuri.