Jina la Robusta: Kahawa Iliyotoka Msituni Mwetu



Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anawaleta wanyama mbele ya mtu ili aone atawaitaje, na kila jina alilotoa mtu ndilo likawa jina lao. Sisi makatekista huzoea kuieleza aya ile kwa habari ya wajibu: anayekipa kitu jina anakubali pia kukitunza. Leo naichukua kwa swali dogo zaidi, la kihistoria. Ipo miti ya msitu wetu ambayo dunia nzima inaijua kwa jina tusilolitoa sisi. Mmoja wao ni mbuni, yaani mti wa kahawa, wa aina iitwayo robusta. Jina hilo lilichapwa mwaka 1900 huko Brussels, katika orodha ya mauzo ya kampuni ya miche na mbegu.

Kikombe cha kahawa ya unga anachokunywa mwendesha toleka alfajiri, kabla ya kupata abiria wa kwanza, karibu hakika kina robusta ndani yake, kwa maana kahawa nyingi ya kopo hutengenezwa kwa robusta. Kopo limetoka ng'ambo. Mmea wenyewe ni wa huku.

Wataalamu huuita Coffea canephora. Ni wa jamaa moja na mti wa kwinini. Kwao ni misitu ya joto ya nchi tambarare, kuanzia Guinea upande wa magharibi hadi Uganda, na bonde la Kongo liko katikati ya makao hayo. Hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa, na ukiachwa bila kukatwa hufikia urefu wa mita kumi hivi. Baada ya mvua hutoa maua meupe yenye harufu tamu, kisha matunda yake hukaa mtini karibu mwaka mzima kabla ya kuwa mekundu. Kafeini, ile dawa inayofukuza usingizi, ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Robusta huwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika, ambayo ni kahawa ya milimani kama ile ya Kivu.

Jambo moja katika maumbile yake linastahili kukumbukwa, kwa sababu litarudi mbele. Ua la robusta haliwezi kuzaa kwa chavua ya mti wake wenyewe. Lazima chavua itoke kwa mti mwingine. Kwa hiyo hakuna mche utokao katika mbegu ambao ni nakala kamili ya mama yake. Arabika hujizalia yenyewe, nayo hufanana sana mti kwa mti. Tena arabika, inayosifiwa na kuuzwa ghali kuliko robusta, ni mtoto wa robusta: ilizaliwa zamani za kale kwa mchanganyiko wa Coffea canephora na Coffea eugenioides, mbuni mwembamba wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na mashariki mwa Kongo. Wazazi wana kromosomu 22 kila mmoja. Mtoto ana 44. Wale wanaoidharau robusta kuwa kahawa ya watu maskini wangefaa kuijua nasaba hiyo.

Kahawa iliyotangulia kujulikana duniani ni huyo mtoto. Ilitoka Ethiopia, ikalimwa Yemeni, na kutoka kwa Waarabu ikaenea pamoja na neno lenyewe, ambalo Kiswahili kimelipokea na kulileta hadi kwetu Boyoma. (Vijana hupenda kusimulia kwamba Papa Klementi wa Nane aliionja kahawa, akaipenda, akaibariki ili isibaki kinywaji cha Waislamu peke yao. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini haina hati ya wakati ule inayoithibitisha. Tusiifundishe kama historia.)

Robusta nayo ilikuwa na watu wake muda mrefu kabla ya mwaka 1900. Kandokando ya ziwa Nyanza, Waganda na Wahaya waliitunza mibuni na kuitafuna kahawa badala ya kuinywa. Wahaya huchemsha matunda mabichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, na mgeni akifika hupewa achache kiganjani. Katika Buganda, watu wawili walipofanya undugu wa damu, walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akaipaka punje damu yake, kisha wakabadilishana na kula. Yeyote aliyewahi kufundisha katekisimu juu ya agano na chakula cha pamoja ataelewa kwa nini nimesimama hapa kidogo. Kwetu Tshopo nafasi hiyo ya heshima imeshikwa zaidi na kola, makasu ya sokoni, ambayo nayo ina kafeini: wazee huigawanya wakati wa mazungumzo ya mahari na ya upatanisho. Kwa hiyo, pale kitabu kinaposema kwamba robusta “iligunduliwa” mwishoni mwa karne ya 19, tusome kwamba iligunduliwa na wasioijua.

Kilichowafanya waitafute ni ugonjwa. Mwaka 1869 kuvu iitwayo kutu ya majani ilionekana katika mashamba ya arabika ya kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Madoa ya rangi ya machungwa hutokea chini ya jani, jani huanguka, mti hudhoofika. Kwa muda mfupi kahawa ya Ceylon ilikwisha, wenye mashamba wakageukia chai. Kutu ikavuka bahari hadi Java, koloni la Waholanzi, ambako kahawa ilikuwa mojawapo ya mazao makubwa ya biashara. Miti yote ilikuwa arabika, na kama nilivyosema, arabika hufanana: ulipoanguka mmoja, wenzake hawakuwa na kinga tofauti.

Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa mimea wa Ubelgiji walikuwa wakitembea katika nchi iliyokuwa mali ya mfalme Léopold wa Pili. Mmoja wao, profesa Émile Laurent, alirudi na mbuni wa porini kutoka nchi ya kusini, upande wa mito Sankuru na Lomami, na mmea ukaitwa Coffea laurentii kwa heshima yake. Sitaki kudai kwamba mbegu zile zilichumwa mlangoni petu. Lomami ni mto mrefu, na sisi tunao mwisho wake tu, pale Isangi unapoingia katika mto mkubwa. Lakini mmea ni uleule unaoota porini mwetu. Kampuni ya Brussels ya L'Horticole Coloniale, ya ukoo wa Linden, iliotesha mbegu, ikaipa miche jina la Coffea robusta, yaani yenye nguvu, ikaiuza. Miche ilipofika Java ilisimama imara mbele ya kutu. Katika miaka michache robusta ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya mashamba ya Java, na baadaye ikaenea Asia yote. Leo Vietnam, nchi isiyokuwa na hata mbuni mmoja wa porini wa aina hii, ndiyo ya kwanza duniani kwa robusta, na robusta ni karibu sehemu mbili za tano za kahawa yote ya dunia.

Tukumbuke miaka hiyo ilikuwa ya namna gani kwa babu zetu. Ndiyo miaka ya kodi ya mpira na ya mikono iliyokatwa. Ndiyo pia miaka ambayo Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, siku ya Noeli ya 1897, karibu na maporomoko. Wakati meli zikishuka na mpira na pembe za ndovu, vifurushi vidogo vya mbegu na majani makavu vilishuka pia, na hakuna aliyeviona kuwa utajiri. Kwa hesabu ya karne nzima, sijui kama pembe zote zile zilishinda thamani ya kifurushi kimoja cha kahawa.

Kisha mti ulirudi kwao. Mbegu za robusta ya Java zililetwa tena Kongo, zikapandwa karibu na ndugu zao wa porini. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, na makao yake makuu yakawa Yangambi, kilometa kama 100 kutoka hapa ukishuka mto, katika nchi ya Waturumbu. Huko walichagua mibuni iliyozaa vizuri, wakaichanganya, wakaipima mwaka hadi mwaka. Yangambi ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kilimo katika nchi za joto. Mpaka leo wakulima wa ndizi wa mabara mengine wanaijua ndizi iitwayo Yangambi Km 5 bila kujua Yangambi iko wapi.

Sayansi ile ilikuwa nzuri. Mimi ni mwalimu, siwezi kuidharau kazi ya mtu aliyehesabu matunda ya mti mmoja kwa miaka kumi. Lakini haikutenganishwa na kulazimishwa. Tangu amri ya mwaka 1917, mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima mazao aliyoamriwa kwa siku 60 za mwaka, na asipolima alipigwa faini au kufungwa. Mashamba makubwa ya kahawa yalikuwa ya Wazungu, na Mkongo aliyajua kwa kikapu na kwa mgongo. Ndiyo sababu wazee wengi hawakuwarithisha watoto wao upendo wa kahawa. Watu huwaita wavivu. Mimi nasema walikuwa na kumbukumbu.

Baada ya uhuru mambo yaliharibika kwa njia nyingi, nami sitazipitia zote. Mwaka 1973 mashamba ya wageni yaligawiwa kwa watu wa serikali, ambao wengi wao hawakuwahi kushika panga. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire ilikuwa bado ikiuza nje takriban tani 100,000 za kahawa kwa mwaka, nyingi yake robusta. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei yalivunjika, na bei ikaanguka. Halafu zikaja vita, barabara zikafungwa na msitu.

Katikati ya hayo kuna adui mwingine asiyezungumzwa sana. Ni kuvu tena, lakini si kutu. Hii huingia ndani ya shina na kuziba mishipa ya maji. Majani hunyauka, na mti hufa kwa miezi michache. Haina dawa, mti hung'olewa na kuchomwa papo hapo. Ilionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Afrika ya Kati, ikaingia Kongo, na mtaalamu Steyaert wa Yangambi akaieleza kitaalamu mwaka 1948. Ilishindwa katika miaka ya 1950 kwa njia mbili: kung'oa bila huruma, na kutafuta mibuni ambayo ugonjwa haukuiweza. Hapo ndipo ile tabia ya robusta ya kutojizalia ilipookoa: kwa kuwa kila mti ni tofauti, kati ya mingi ilikuwepo iliyohimili. Lakini mashamba yalipotelekezwa, ugonjwa uliamka upande wa Isiro, mji ambao vijana wetu wanaujua kwa damu ya Mwenye Heri Anuarite na ambao pia ulikuwa mji wa kahawa. Kutoka kaskazini-mashariki ulivuka mpaka. Mwaka 1993 ulitambuliwa Uganda, ukaua miti kwa mamilioni. Waganda walichukua njia ileile ya Yangambi, wakatafuta mibuni iliyobaki hai, wakaizidisha.

Siku ugonjwa mwingine utakapozuka, au joto litakapozidi, kinga itatafutwa mahali ambapo tofauti bado ni nyingi. Mashamba ya Asia yalitokana na mbegu chache zilizosafiri. Tofauti nyingi zilibaki nyuma, katika msitu. Katika miaka ya karibuni watafiti wa INERA, mrithi wa INEAC, na wa Chuo Kikuu cha Kisangani, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamekuwa wakiitafuta mibuni ya porini katika misitu ya Yangambi na kuipima, mti mmoja mmoja. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato si', aya ya 38, alilitaja bonde la Kongo kwa jina. Hapo hakuwaza miti mirefu peke yake.

Mbuni wa porini hauna bei machoni pa mchoma makala. Shina lake ni jembamba, halijazi hata gunia. Huanguka tu pamoja na miti mikubwa inayoupa kivuli, na makala yake huja Kisangani kwa baiskeli na kwa pirogi, ili tupikie, na sisi wenyewe tukiwemo. Siandiki haya ili kumlaumu mchoma makala. Ana watoto shuleni, na wengine ni wanafunzi wangu.

Yangambi ina nyumba ya mimea mikavu, yenye vielelezo karibu 150,000 vilivyobandikwa kwenye karatasi. Vingi vilikusanywa katika miaka ya 1930 na mtaalamu aliyeitwa Jean Louis. Kwenye lebo zake kuna namba, tarehe, jina la Kilatini, na mara nyingi jina la mmea kwa Kiturumbu. Majina yale aliambiwa na watu waliotembea naye msituni. Jina lake limeandikwa kwenye kila karatasi. Ya wale waliomwambia hayakuandikwa.