Barabara ya Bujumbura–Bugarama

Barabara ya Bujumbura–Bugarama ni sehemu ya Barabara ya Kitaifa namba 1 (RN1) ya Burundi. Huanzia karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa takriban mita 800, na kupanda kwa kona kali hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwenye safu ya milima inayotenganisha mabonde ya mito Kongo na Nile. Waendesha baiskeli huteremsha mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa hadi Bujumbura. Wakirudi, baadhi hushikilia malori yanayopanda, desturi yenye hatari kubwa. Watembea kwa miguu hupita pembezoni. Kiangazi, Juni hadi Septemba, njia huwa kavu.