Herufi ya Kesho Iliyosubiwa Turin

Itazame O yake. Si duara, wala si mraba. Ni mraba ulioshiba: pembe zimelainika, mbavu zimetuna kidogo kwa nje. Aliyekulia na televisheni ya chogo ataitambua papo hapo, maana kioo cha televisheni ile kilikuwa na umbo hilo hilo.

O hiyo ni ya aina ya herufi zilizosubiwa mwaka 1952 katika kiwanda cha Nebiolo mjini Turin, kaskazini mwa Italia. Walizichora Alessandro Butti na Aldo Novarese, zikaitwa Microgramma. Televisheni ya Italia ilikuwa haijaanza matangazo yake ya kawaida; yalianza Januari 1954. Yaani mabwana hawa walilinasa umbo hilo kabla kioo chenyewe hakijaingia katika sebule za wenzao. Kwa hilo nawapa heko kubwa.

Kazi yake ya mwanzo haikuhusu hata kidogo anga za mbali ambako sinema ingeipeleka baadaye. Microgramma ilikuwa na herufi kubwa tupu, za kuchapia kadi za biashara, vichwa vya barua na vibandiko. Kwa kuwa ni pana na matundu yake yako wazi, neno lilisomeka hata likichapwa dogo sana. Ila aya nzima ya herufi kubwa inachosha macho. Butti alifariki mwaka 1959. Novarese akaendelea na kazi, akachora herufi ndogo, na mwaka 1962 ikatoka Eurostile. Katika ukoo huo, iliyovuma ni ile nene iliyotanuliwa, Eurostile Bold Extended.

Sinema ndiyo iliyoipaisha. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa 2001: A Space Odyssey, na herufi hizo zikaonekana humo. Tangu hapo, wasanii wa filamu za anga wamezirudia mno, hata mwandishi Dave Addey, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu maandishi ya filamu hizo, anazichukulia kama alama ya kumjulisha mtazamaji kwamba yuko katika wakati ujao.

Kwa nini hizi na si nyingine? Mimi naona siri iko kwenye mkono. Herufi nyingi tunazosoma bado zina kumbukumbu ya kalamu: mstari unanenepa hapa, unakonda pale, kama mkono ulivyopinda. Eurostile nene imeufuta mkono huo kabisa. R yake imekaa kama kipuri kilichotoka kiwandani, imetandaza miguu, haitikisiki. Ukiichapa kwenye mlango wa chombo cha anga, unaamini kwamba mlango huo unafunguliwa na mtambo.

Televisheni za chogo zimeshatupwa, na vioo vya ukutani sasa vina pembe kali. Lakini chukua simu yako, ilaze kando ya O hiyo, kisha linganisha pembe zao.