Maji ya Mgongo: Elimu ya Malale kutoka Entebbe hadi Koboko

Katikati ya mwaka 1902 madaktari watatu walifika Entebbe wakitokea London: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Walitumwa na Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, kutafuta chanzo cha malale, ugonjwa uliokuwa ukifuta vijiji vya Busoga na vya visiwa vya Ziwa Viktoria. Mwaka uliotangulia ndugu wawili, Albert na Jack Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo, walikuwa wamewatambua wagonjwa wa mwanzo na kutoa taarifa. Hadi janga lile lilipotulia, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa.

Low ndiye aliyeongoza msafara, lakini aliyeona alikuwa Castellani, na aliona akiwa anatafuta kitu kingine. Alidhani malale huletwa na bakteria. Mnamo Novemba 1902, akichunguza kwa hadubini maji aliyoyatoa kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa, alikuta kimelea kidogo kinachojinyonganyonga: tripanosoma. Maji hayo ndiyo yanayouzunguka ubongo. Kimelea hicho kilikuwa kimeshaonekana katika damu huko Gambia, ambako Joseph Everett Dutton wa shule ya tiba ya Liverpool alikipa jina, lakini hakuna aliyekihusisha na malale. Mwaka 1903 daktari David Bruce alifika Entebbe, akaufuatilia uzi huo, akaonyesha kwamba kimelea husafirishwa na mbung'o. Dutton mwenyewe alifia Kasongo, mashariki mwa Kongo, Februari 1905, akiwa kazini bado.

Kulikuwa na mtu mwingine katika kazi hii ambaye hatajwi sana. Frederick Mott alikuwa mtaalamu wa ubongo katika hospitali za wagonjwa wa akili za London. Tangu 1899 alikuwa amechunguza ubongo wa Wakongo wawili waliofia katika hospitali ya Charing Cross, na baadaye akapokea vipande vya ubongo vilivyotumwa kutoka Uganda. Aliona seli za kinga zimejipanga kuizunguka mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, kila mahali, na akaeleza seli za ajabu zilizojaa vishimo ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Kwa macho ya Mott malale ilikuwa ugonjwa wa ubongo kabla haijawa kitu kingine chochote. Ndiyo maana mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, hutetemeka mikono, hubadilika tabia hata jamaa zake wakamwona mgeni, na mwisho hushindwa kula. Malale ya aina inayopatikana West Nile, kona ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, huenda polepole: asiyetibiwa huishi kwa wastani wa miaka mitatu hivi. Katika miaka hiyo wengi huhesabiwa kuwa wamerukwa na akili au wamelogwa.

Mwaka 1907 Low, aliyekwisha kurudi London, aliungana na James Cantlie kuanzisha chama cha madaktari wa magonjwa ya nchi za joto. Patrick Manson akawa rais wake wa kwanza, na mwaka 1920 kikapewa hadhi ya kifalme: Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: wanachama wanakutana, mmoja anasoma aliyoyaona, wengine wanamhoji, na maneno yao yanachapishwa katika jarida la chama, Transactions. Daktari aliye peke yake porini aliweza kujua wenzake wamejaribu nini na kimeshindwa wapi. Naamini hilo ndilo jambo kubwa ambalo chama cha kitaaluma kinaweza kumfanyia daktari, kubwa kuliko vyeti na karamu za mwaka. Lakini kwa miongo mingi mkondo ulikwenda upande mmoja: wagonjwa na sampuli walitoka Afrika, na wasomaji walikuwa Ulaya.

Wakati chama kinaanzishwa, West Nile haikuwa Uganda. Ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilolishika Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 ikakabidhiwa Sudan, na mwaka 1914 kipande chake cha kusini kikaingizwa Uganda. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, alianzisha boma la Arua. Wakakwa wa Koboko, kaskazini mwa West Nile, walijikuta na jamaa zao katika nchi tatu bila wao kuhama. Mpaka huo mbung'o hakuutambua. Upande wa Sudan, Waingereza walijenga kambi ya wagonjwa wa malale huko Yei, si mbali na Koboko, na Wabelgiji walikuwa na utaratibu wao upande wa Kongo. Kila serikali ilihesabu wagonjwa wake.

Dawa zilipatikana moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa na aseniki, ambayo ni sumu. Atoksili, aliyoitumia Robert Koch katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1949 Ernst Friedheim alitoa melarsoproli, iliyoweza kuingia kwenye ubongo na kuua kimelea humo. Iliokoa maelfu. Pia ilichoma mishipa ya damu kama moto, ikayeyusha plastiki hata ikabidi itolewe kwa sindano za kioo. Na katika kila wagonjwa 100 waliochomwa, watano hadi kumi ubongo ulivimba ghafla, na karibu nusu ya hao walikufa kwa dawa, si kwa malale.

Kufikia miaka ya 1960 ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa karibu kabisa. Kisha ikaja vita. Idi Amin, ambaye ukoo wake unatoka Koboko, alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi na sehemu kubwa yao ilikimbilia Sudan na Zaire, yaani Kongo. Walikaa huko miaka kadhaa, katika maeneo ambako huduma za malale zilikuwa zimekufa. Walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1980, walirudi na vimelea katika damu, kwenye ardhi iliyokuwa imerudi kichaka na kujaa mbung'o. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilianza kazi Moyo mwaka 1986 pamoja na Wizara ya Afya, na mwaka 1995 likafungua kituo cha Omugo, wakati huo wilaya ya Arua, leo wilaya ya Terego.

Omugo panastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Wakati huo mgonjwa wa malale hakupewa dawa mpaka ijulikane kama kimelea kimefika kwenye ubongo. Alikaa amejikunja, mgongo nje. Sindano ilipita katikati ya pingili za kiuno, na matone ya maji yaliingia kwenye chupa ndogo. Mtu wa maabara alihesabu seli nyeupe. Zikizidi tano katika mikrolita moja, ugonjwa ulikuwa umeshaingia hatua ya pili. Hesabu hiyo ilifanywa kwa macho ya mtu, juu ya hadubini, na maji yenyewe hayasubiri: baada ya muda mfupi vimelea hufa na haviwezi kuonekana tena. Mustakabali wa mgonjwa ulikuwa mikononi mwa fundi wa maabara wa kituo cha afya cha mashambani, na elimu ya fundi huyo ilikuwa na uzito uleule wa elimu ya profesa.

Mafundi na matabibu wa Omugo waliona jambo la kutisha: watu waliomaliza sindano za melarsoproli walikuwa wanarudi, na vimelea bado vimo. Mtafiti Dominique Legros na wenzake, pamoja na Waganda Dawson Mbulamberi wa Wizara ya Afya na John Enyaru wa taasisi ya utafiti ya Tororo, walizikusanya kumbukumbu za wagonjwa 428. Dawa ilikuwa imeshindwa kwa zaidi ya robo yao, pale ambapo madaktari walizoea kuona kushindwa chini ya asilimia 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika Transactions, jarida lilelile la chama cha Low. Miaka miwili baadaye Enock Matovu na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vimelea walivyovichunguza kutoka Omugo vilikuwa na jeni iliyobadilika, ile ya mlango ambao dawa hupitia kuingia ndani ya kimelea.

Ripoti ya 1999 haikubaki rafuni. Dawa nyingine ilikuwapo, eflonithini, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani. Ilikuwa salama zaidi, lakini ilidai mgonjwa atundikiwe dripu kila baada ya saa sita kwa siku 14, dripu 56 kwa jumla, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mtengenezaji alikuwa ameacha kuitoa kwa kuwa waliohitaji walikuwa maskini. Mwaka 2001, baada ya shinikizo la MSF na Shirika la Afya Duniani, kampuni ilikubali kuitoa upya bila malipo. Mwaka huohuo jaribio lilianza Omugo, likiongozwa na Gerardo Priotto wa Epicentre, kitengo cha utafiti cha MSF. Dawa ziliunganishwa mbilimbili: melarsoproli na nifurtimoksi, ambayo ni dawa ya vidonge, melarsoproli na eflonithini, nifurtimoksi na eflonithini. Ilibidi lisimamishwe mapema, kwa sababu sumu ya mchanganyiko mmoja haikuvumilika. Wagonjwa 54 tu ndio waliokuwa wameingia. Lakini jibu lilionekana: walipona asilimia 44 katika kundi la kwanza, asilimia 79 katika la pili, asilimia 94 katika la tatu.

Kuandika asilimia ni kazi nyepesi. Kuipata ilimaanisha kwamba baada ya matibabu kila mgonjwa anaitwa tena baada ya miezi sita, kumi na mbili, kumi na nane na ishirini na nne, na kila mara mgongo unachomwa upya. Wakulima wa Terego, Maracha na Yumbe, watu waliotoka uhamishoni na kukuta mashamba yao msitu, waliacha jembe na kurudi kukunja mgongo ili ijulikane kama dawa imefanya kazi. Majina yao hayamo katika jarida lolote, nami nawahesabu miongoni mwa waliotoa mchango mkubwa zaidi kwa elimu ya ubongo katika Afrika Mashariki.

Mchanganyiko wa tatu ulijaribiwa upya kwa upana katika Kongo zote mbili na Uganda. Dripu zilipungua kutoka 56 hadi 14, pamoja na vidonge vya siku kumi. Mwaka 2009 uliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na melarsoproli ikaanza kuondoka West Nile.

Majaribio makubwa hayafanywi na kituo kimoja. Mwaka 2005 huko Kinshasa uliundwa mtandao wa wataalamu wa malale wa nchi zenye ugonjwa, Uganda ikiwamo, kwa msaada wa shirika la utafiti wa dawa la DNDi. Ulifundisha matabibu na watu wa maabara namna ya kuendesha jaribio la dawa, kuomba ridhaa ya mgonjwa kwa lugha anayoielewa, na kutunza kumbukumbu ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzikagua. Hapa mkondo uligeuka: waliokuwa wakitoa sampuli sasa walikaa mezani wakiamua swali gani liulizwe. Jaribio lililofuata la mchanganyiko huo nchini Uganda, lenye wagonjwa 109, liliandikwa na timu iliyoongozwa na Waganda wenyewe.

Koboko iliingia kwa mlango wa mto. Mwaka 2011 watafiti wa Liverpool, shule ileile ya Dutton, na ofisi ya serikali inayoratibu udhibiti wa malale, COCTU, walianza kusimika vitambaa vidogo kando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko. Kipande cha kitambaa cha buluu na chandarua, sentimita 25 kwa 50, kimetiwa dawa ya wadudu. Mbung'o huvutwa na rangi, hugusa, hufa. Katika eneo la kilomita za mraba 500 mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Gharama ilikuwa karibu dola 85 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na waliosimika walikuwa wenyeji walioujua kila mteremko wa kuchotea maji.

Kuanzia 2013 kikaja kipimo cha haraka, tone la damu ya kidole kwenye kikasha cha plastiki. Vituo vya afya 212 vya wilaya saba, kutoka Arua na Koboko hadi Adjumani na Amuru, vilifundishwa kukitumia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa malale ya aina ya West Nile kama tatizo la afya ya umma.

Kuondolewa huko hakumaanishi kutokomea. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, na Koboko inapokea watu kutoka Sudan Kusini na Kongo kila wiki. Kwa mgonjwa wa leo kuna feksinidazoli, vidonge vya siku kumi vilivyoidhinishwa Kongo mwaka 2018, na wengi wanaoimeza hawahitaji tena kuchomwa mgongo. Tatizo limehamia kwingine. Tabibu kijana wa Koboko anaweza kufanya kazi miaka bila kukutana na malale hata mara moja. Anayesinzia mbele yake huenda ana homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu cha ubongo, kifafa, au maradhi ya akili, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mafunzo ya sasa yanarudi kwenye mambo ambayo hayahitaji mashine: kupapasa nyuma ya shingo kutafuta tezi zilizovimba, kuuliza mgonjwa ametoka upande gani wa mpaka, na kumgeukia mke, mume au mama aliyemleta na kumwuliza mtu huyu hulala saa ngapi, na usiku hufanya nini.