Nani Alimwingiza Mbwa Katika Katiba?

Fungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Hapo ndipo zilipoorodheshwa kazi za serikali za kaunti: kilimo, afya, usafiri, elimu ya chekechea. Teremka hadi kipengele cha sita. Utakuta udhibiti na ustawi wa wanyama, na ndani yake, kwa kutajwa waziwazi, utoaji wa leseni za mbwa. Leseni ya ngamia haimo. Ya punda haimo. Paka ndiyo kabisa, hana habari. Katika sheria kuu ya nchi, iliyopigiwa kura na mamilioni ya watu, mnyama aliyepewa leseni ni mbwa peke yake. Nani alimwingiza humo, na kwa nini yeye?

Jibu la haraka, ambalo kila ninayemuuliza analo tayari, ni kwamba aliletwa na Mwingereza. Haya, nikamfuata Mwingereza. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mbwa mwaka 1796, wakati wa vita na Ufaransa, hazina ilipokuwa ikikamua kila kilichokamulika. Mwaka 1867 kodi hiyo ikawa leseni ya shilingi 5 kwa mwaka. Mwaka 1878 ikapanda hadi shilingi 7 na nusu, na hapo ikaganda kwa zaidi ya miaka 100. Watu waliinunua posta. Ilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1980 bei yake ilikuwa peni 37, na kuikusanya kuligharimu zaidi ya kilichopatikana. Mwenye mbwa hakuulizwa kama mnyama wake ana adabu. Alilipa, akapewa karatasi. Kama leseni ilikuwa risiti ya kodi tu, ilifikaje mikononi mwa serikali za mitaa?

Kwa hili nilidhani nimepata. Mwaka 1888 Uingereza iliunda mabaraza ya kaunti, na mapato ya baadhi ya leseni yakaelekezwa huko, ya mbwa yakiwemo. Kaunti kule, kaunti huku. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Lakini njia hiyo inakatika ukiikanyaga. Kilichohamishwa mwaka 1888 kilikuwa fedha. Leseni yenyewe iliendelea kuwekwa na Bunge na kuuzwa kwenye kaunta ya posta. Zaidi ya hapo, mpangilio wa maneno ya Jedwali la Nne haufanani na sheria yoyote ya Kiingereza niliyoisoma. Unafanana na wa nani, basi?

Chukua Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, Jedwali la Tano, Sehemu B, uiweke kando ya ile ya Kenya. Huku kuna makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na matanuri ya kuchomea maiti. Na kule vivyo hivyo, kwa mfuatano uleule. Huku kuna uzoaji taka, majaa na utupaji wa taka ngumu. Na kule pia. Kuna mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Na kuna leseni za mbwa. Sadfa moja ningeitetea. Nne katika orodha moja, siwezi. Katiba hukopa, na hakuna aibu katika kukopa. Ila aliyekopeshwa huwa na haki ya kujua mali ilitoka wapi: watu wa kusini walipitia nini hata mbwa akaonekana anastahili mstari katika sheria kuu?

Kusini mwa Afrika kodi ya mbwa ina kumbukumbu chungu. Iliyo chungu kuliko zote iko Namibia, iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Kusini-Magharibi. Jamii ya Bondelswarts iliishi kusini ya nchi hiyo, kwenye ardhi kame, kwa mifugo na uwindaji. Mbwa alikuwa mkono wa kazi: alikimbiza paa, na usiku alifukuza mbweha kwenye zizi. Kodi ya mbwa ilipowekwa, kisha mwaka 1921 ikapandishwa sana, ilikuwa inaongezeka kwa ukali kadiri mbwa walivyozidi. Fedha taslimu zilipatikana wapi? Kwenye mashamba ya walowezi, kwa vibarua. Mwaka 1922 mgogoro ukawa vita. Ndege zilidondosha mabomu juu ya watu na mifugo yao, na watu wapatao 100 waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Habari hizo zilijadiliwa hadi kwenye Shirikisho la Mataifa kule Geneva. Je, watu 100 walikufa kwa sababu ya kodi ya mbwa?

Simulizi inayopendwa inasema ndiyo, na ni rahisi kuisimulia. Mimi nasita. Kabla ya 1922 palikuwa na ardhi iliyokwisha kupotea, viongozi waliotakiwa kukamatwa, na mabishano juu ya chuma cha kutia chapa mifugo. Kodi ya mbwa ilikuwa jeraha moja kati ya kadhaa. Upande wa pili, wapo wanaosema kodi ile ilikuwa hatua ya kawaida ya kupunguza mbwa wazururaji. Hilo nalo halisimami: kodi ya kupunguza wazururaji humlenga mbwa asiye na mwenyewe, ilhali hii ilimlenga mwenye mbwa wengi wanaofanya kazi. Ninachokiona katika safari yote, kutoka London ya 1796 hadi Namibia ya 1922, ni kwamba leseni ilizaliwa ikitafuta fedha au nguvukazi. Aliyeumwa mguu hayumo kwenye picha. Yeye sheria ilimweka wapi?

Ilimweka kwenye njia nyingine kabisa, tena yenye mawe. Katika sheria ya kimila ya Kiingereza, aliyeng'atwa na mbwa hakushinda kwa kuonyesha kovu. Alitakiwa kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua mnyama wake ana tabia hiyo. Hapo ndipo ulipotoka usemi wa kwamba kila mbwa anaruhusiwa kuuma mara moja bure. Usemi huo mtamu hauko sahihi. Mahakama haikuhitaji jeraha la kwanza. Ilitosha kuonyesha kwamba mbwa alishajaribu kurukia watu na bwana wake akajua. Lakini mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa aliyeumwa, na kuthibitisha kilichomo kichwani mwa jirani ni kazi. Yupo aliyewahi kusamehewa mzigo huo?

Yupo. Kondoo. Mwaka 1865 Bunge lilitunga sheria kwa ajili ya Uingereza na Wales: mbwa akijeruhi ng'ombe au kondoo, mwenyewe analipa, ajue asijue. Mwaka 1906 kinga hiyo ikapanuliwa, na farasi, mbuzi na nguruwe wakaingia. Mwaka 1928 wakaongezwa kuku. Binadamu akaendelea kungoja. Sheria ya mwaka 1971 iliyopanga upya jambo zima nayo ikaliacha suala la kujua likiwa hai kwa sehemu kubwa. Niliisoma mara ya pili nikidhani nimekosea tarehe, lakini ndivyo ilivyo: kuku alimtangulia mtoto wa shule. Kenya ilipokea sheria ya kimila ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Je, tulipokea na upofu huo mzima mzima?

Kwa madai ya fidia, huko ndiko tulikoanzia. Kwa jinai, hapana. Soma kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kisha kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Vyote viwili vinamtia hatiani mtu anayeacha, kwa uzembe unaoweza kudhuru wengine, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Havidai kwamba mnyama awe ameshauma. Kanuni hizo zilianza kutumika mwaka 1930, lakini sentensi yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Kabla ya kanuni hizo tulitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyoletwa huku kwa amri ya 1897 na kupelekwa Tanganyika mwaka 1920. Kifungu chake cha 289 kilizungumzia jambo hilohilo, kwa maneno yanayokaribiana mno: mnyama aliye mikononi mwako, na hatari inayotarajiwa. Rasimu ya kwanza ya kanuni hiyo ilikamilika mwaka 1837. Kitu gani kilitokea India kabla ya hapo?

Bombay, Juni 1832. Nilipoiona tarehe nilifurahi mapema. Tangu 1813 palikuwa na kanuni ya kuua mbwa wazururaji katika majira ya joto, na mwuaji alilipwa nusu rupia kwa kila mbwa. Mwaka huo muda wa kuua ukaongezwa, na wenye tamaa wakaanza kuwatoa mbwa hata majumbani. Waparsi, ambao kwao mbwa ana nafasi katika ibada ya mazishi, wakaandamana. Maduka yakafungwa, na shughuli za mji zikasimama. Miaka mitano tu kabla ya rasimu! Lakini kukaribiana kwa tarehe hakutoshi. Ghasia za Bombay zilihusu mbwa wanaouawa na dola. Kifungu cha 289 kilihusu mwenye mnyama aliyezembea. Sikupata uzi unaoziunganisha, na sitausokota mwenyewe. Swali lililobaki ni la hapa nyumbani: sentensi ile ilipotua Afrika Mashariki, ilikutana na nini?

Ilikutana na geti. Tembea mtaa wowote wenye kuta ndefu, Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, utaliona tangazo: MBWA KALI. Wenye nyumba wengi wanaamini bati hilo ni kinga, kwamba aliyeonywa akiingia ajilaumu. Kuna ukweli kidogo. Katika kesi moja ya London ya miaka ya 1970, mwanamke aliyeingia usiku kwenye yadi ya vyuma chakavu, akijua kuna mbwa, alishindwa katika rufaa kwa sababu alijitwalia hatari. Lakini mgeuze mbwa upande wa pili wa geti. Ametoka, amemng'ata muuza maziwa barabarani. Sasa bati lilelile linasoma vingine: mwenye nyumba alijua. Ule mzigo wa kuthibitisha, uliowalemea waliong'atwa tangu enzi za kondoo, yeye amewabebea kwa rangi nyekundu na herufi kubwa. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Wakili mjanja angelipeleka bati mahakamani kabla ya methali. Na kama mbwa hana geti wala bati?

Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia na kuvuruga hesabu zote. Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Uingereza ilikuwa imekwisha kuutokomeza ugonjwa huo kufikia 1902, bila kuchanja mbwa, kwa amri za kuwafunga midomo na kuzuia wageni bandarini. Wenye mbwa walizipinga kwelikweli. Ukarudi mwaka 1918 na mbwa waliotoroshwa kutoka vitani, ukaondolewa tena 1922. Huku kwetu njia iliyofanya kazi ni chanjo. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliukata ugonjwa, ukarejea mwaka 2016, ukakatwa tena. Wataalamu wanataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Sheria ndogo za halmashauri za Tanzania na sheria za kaunti za Kenya kwa kawaida huagiza kusajili, kuchanja na kumzuia mbwa asizurure. Mfugaji anaogopa nini zaidi katika orodha hiyo?

Anaogopa ada, nadhani, na historia inampa sababu. Leseni inayonukia kodi humfanya mtu aseme mbwa huyu si wangu, na mbwa asiye wa mtu haletwi kwenye chanjo. Hata hivyo usajili una kazi moja ambayo hazina haikuifikiria mwaka 1796: unaunganisha meno na jina. Sheria ya Uingereza ya 1906 ilifungua mlango wa kumtaka mbwa avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani ya bwana wake, na agizo la mwaka 1930 likalisisitiza. Hapo, kwa mara ya kwanza katika safari hii, njia ya leseni na njia ya uwajibikaji zinakutana. Kifungu cha 243 hakina meno bila kujua mnyama yuko mikononi mwa nani. Sasa nenda kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga, ambako mbwa mmoja hulala kwa fundi baiskeli, hupewa makombo na mama ntilie, na hubweka usiku kwa faida ya wapangaji wote. Afisa wa kaunti amefika na daftari la leseni: aandike jina la nani?