Jiwe la Kusagia na Mkaza Mwana: Historia ya Rojo la Idli Kusini mwa India

Utangulizi

Katika ufundishaji wa Kiswahili, somo la majina ya ukoo na ukwe huwapa taabu wanafunzi wetu, hasa wale wa nchi za bara ambao lugha hii kwao ni ya pili au ya tatu. Wengi hulijua neno "mkwe", lakini ni wachache wanaojua kwamba mama mkwe huitwa pia "mavyaa", na kwamba mke wa mtoto wa kiume ana jina lake mwenyewe, "mkaza mwana". Mwalimu huweza kuyaandika maneno hayo ubaoni na kuyafafanua kwa sentensi moja moja. Hata hivyo, uzito wa majina hayo hauonekani mpaka tuyatazame yakifanya kazi, na mahali yanapofanya kazi kuliko pote ni jikoni.

Katika makala haya tumechagua jiko la kusini mwa India, na ndani ya jiko hilo chakula kimoja tu: rojo la mchele na choroko nyeusi lililoachwa likachacha, ambalo hutoa mikate ya idli na dosa. Nia yetu ni kueleza lilikotoka, linavyotengenezwa, na jinsi lilivyokuwa kipimo cha mkaza mwana katika nyumba ya wakwe zake.

Rojo na kazi yake

Idli ni mkate mdogo, mweupe, wa mviringo, unaopikwa kwa mvuke. Dosa ni mkate mwembamba unaotandazwa juu ya kikaango cha moto. Vyote viwili hutokana na rojo la namna moja. Mchele huchukuliwa vipimo 3 au 4, na choroko nyeusi, ambazo Watamil huziita ulundu, kipimo 1. Wapishi wengi huongeza punje chache za uwatu. Nafaka na choroko hurowekwa mbalimbali kwa muda wa saa kadhaa, kisha husagwa pamoja na maji, kila kimoja peke yake. Choroko husagwa sana mpaka ziwe laini na nyepesi kama povu. Wapishi wenye ujuzi hudondosha tone la rojo hilo katika bakuli la maji, nalo likielea huwa limekwiva kwa kusagwa. Mchele wa idli huachwa na chengachenga kidogo. Baada ya hapo viwili hivyo huchanganywa kwa mkono, hutiwa chumvi, na chungu hufunikwa usiku kucha.

Asubuhi rojo huwa limeumuka hata likakaribia kufurika, nalo lina harufu ya uchachu mwepesi. Mpishi huliteka kwa upole, ili hewa isitoke, na kulimimina katika vikombe vya kupikia.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hatashangazwa na habari hizi. Mchele unaorowekwa, ukasagwa, ukaachwa uumuke, ndio msingi wa vitumbua na wa mkate wa kumimina. Na chuma cha vitumbua kinafanana sana na kile ambacho Watamil hupikia paniyaram. Kufanana huko si ushahidi wa nani alimfundisha nani, wala sisi hatudai hivyo. Tena kuna tofauti kubwa moja: kitumbua cha siku hizi huumuliwa kwa hamira inayonunuliwa dukani, ilhali rojo la idli halitiwi hamira yoyote. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mashaka mengi tutakayoyaeleza hapa chini.

Ushahidi wa maandishi

Jina la chakula hiki linaonekana mapema katika maandishi ya Kikannada. Kitabu cha Vaddaradhane, kilichotungwa na Shivakotiacharya yapata mwaka 920, ni mkusanyiko wa hadithi za dini ya Kijaini. Humo "iddalige" inatajwa miongoni mwa vyakula 18 ambavyo mwanamke anamwandalia mgeni wa dini aliyefika nyumbani kwake. Yapata mwaka 1025, Chavundaraya wa Pili, katika kitabu chake Lokopakara, alieleza namna ya kukipika: choroko zirowekwe katika maziwa ya mtindi, zisagwe, zichanganywe na maji ya mtindi pamoja na viungo kama bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga na mvuje. Kiasi cha miaka mia moja baadaye, mfalme Someshvara wa Tatu wa ukoo wa Chalukya alikitaja tena chakula cha jinsi hiyo katika Manasollasa, kitabu kikubwa cha Kisanskriti cha yapata mwaka 1130.

Mwanahistoria wa vyakula K. T. Achaya, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya vyakula vya India kilitoka mwaka 1994, aliyachunguza maelezo hayo akaona kwamba mambo matatu yamekosekana: mchele kuchanganywa na choroko, rojo kuachwa muda mrefu likachacha, na kupika kwa mvuke. Kwa sababu hiyo alikisia kwamba huenda ujuzi huo ulitoka Indonesia, kati ya mwaka 800 na 1200, wakati wafalme wa Kihindu wa visiwa vile walipokuwa wakija India kuwatembelea jamaa zao na kutafuta wachumba, huku wakifuatana na wapishi wao. Wataalamu wengine hawakuikubali rai hiyo, kwani hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha. Sisi tunaitaja kwa sababu moja: hata katika kisio hili la kitaalamu, chakula kinasafiri pamoja na ndoa.

Jiwe na bibi harusi

Tuache wafalme, tuingie katika nyumba za watu. Kabla ya mashine, nyumba ya Kitamil ilikuwa na mawe mawili. La kwanza ni ammi, jiwe bapa lenye mche wa kuviringisha, la kusagia viungo. La pili ni attukal, jiwe zito lenye shimo katikati, ambamo mche mnene wa jiwe huzungushwa kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukirudisha rojo shimoni. Kusaga rojo la jamaa nzima kulikuwa kazi ya saa nzima au zaidi, nayo ilifanywa na wanawake wakiwa wameketi sakafuni. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za shamba idli haikuwa chakula cha kila siku. Ilingojewa hadi sikukuu kama Deepavali.

Jiwe hilo la kwanza lina mahali pake katika arusi. Bwana harusi wa Kitamil humshika bibi harusi mguu na kuuweka juu ya ammi, kisha humwonyesha nyota ya Arundhati, mke anayesifiwa kwa uaminifu. Maana yake ni kwamba mke awe imara kama jiwe. Lakini hapana budi tuone pia kwamba jiwe lililochaguliwa ni chombo cha kazi, na kwamba kesho yake bibi harusi huyo ataketi mbele ya jiwe kama lile. Waswahili husema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kule jembe lilikuwa mche wa jiwe.

Kwa desturi, mke aliyeolewa alihamia kwa wazazi wa mumewe. Aliingia jiko lenye mwenyewe. Alikuwa amejifunza kwa mama yake kipimo fulani cha mchele, na hapa akakuta kipimo kingine. Kwao uwatu ulitiwa, hapa labda hautiwi. Kwao rojo lilikuwa zito, hapa jepesi. Hakuna kosa katika namna yoyote ya hizo. Lakini katika nyumba ya ukweni, tofauti ya kawaida hugeuzwa kuwa upungufu wa malezi, na lawama huvuka mipaka ya jiko ikamfikia mama aliyemlea. Watamil wenyewe wameliona jambo hilo na wakalitungia methali kali, isemayo kwamba mama mkwe akivunja ni mtungi wa udongo, mkaza mwana akivunja ni mtungi wa dhahabu. Mtungi ni ule ule. Kilichobadilika ni aliyeuvunja.

Mkono wa nani?

Kati ya kazi zote za jikoni, rojo lilifaa kuwa kipimo kuliko nyingine, kwa kuwa matokeo yake hayako kabisa katika uwezo wa mpishi. Mchuzi ukipungua chumvi, huongezwa. Rojo lisipoumuka, asubuhi imeharibika, na watu wote wa nyumba wanajua. Tena iko imani iliyoenea kwamba rojo huumuka kwa mkono wa anayelichanganya: yupo mwenye mkono mwema na yupo asiye nao. Katika nyumba zilizoshika mila kwa ukali, mwanamke aliye katika siku zake hakuruhusiwa hata kuingia jikoni, na chakula kikiharibika ilikuwa rahisi kumtafuta mwanamke wa kulaumiwa.

Sayansi imeleta maelezo mengine. Mwaka 1965 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi yaliyoonyesha kwamba kinachoumua rojo hili hasa ni bakteria wanaoitwa Leuconostoc mesenteroides. Bakteria hao hutoa hewa inayolifanya rojo lijae, na pamoja na wenzao hutoa asidi inayolitia uchachu. Wamo tayari katika nafaka na choroko zenyewe. Huzaliana zinaporowekwa na rojo linapolala. Utelezi na protini za choroko huishika hewa hiyo isitoroke. Wanachohitaji zaidi ni joto la kadiri, kama nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Usiku ukiwa wa baridi, rojo hukawia. Choroko zikiwa za kale au hazikusagwa vya kutosha, halijai vema.

Basi, mkono wa mpishi una kazi yake, kwani ustadi wa kusaga ni wa mkono. Lakini bahati ya mkono haimo. Mkaza mwana aliyelaumiwa asubuhi ya baridi alibebeshwa kosa la hali ya hewa. Wanawake wengi, wakiwemo akina mama wakwe, waliyajua haya kwa mazoea kabla ya mwaka 1965: walikiweka chungu karibu na meko wakati wa baridi. Ujuzi huo ulikuwapo nyumbani, ila haukutumiwa kila mara kumtetea mgeni.

Mashine yaingia

Mwaka 1955, katika mji wa Coimbatore, P. Sabapathy alitengeneza mashine ya umeme ya kusagia rojo. Katika mashine za namna hiyo mambo yaligeuzwa: mche hukaa mahali pamoja, na chungu cha jiwe ndicho kinachozunguka. Mji huo ukawa makao makuu ya kazi hiyo, na baadaye mashine za Coimbatore zikapewa hifadhi ya kisheria ya jina la mahali zinapotoka. Kwa wanawake wengi haya yalikuwa mapinduzi halisi. Saa ya kuketi sakafuni ilirudishwa kwao, na idli ikatoka katika sikukuu ikawa kifungua kinywa cha kila siku.

Wakati huohuo chakula hicho kilikuwa kimekwisha kuenea katika mahoteli ya watu wa Udupi, kama lile lililofunguliwa na A. Rama Nayak huko Matunga, Bombay, mwaka 1942. Wapishi wa mahoteli hayo walikuwa wanaume. Walilipwa mshahara, na rojo lao liliwapatia sifa na fedha. Kazi ni ile ile iliyofanywa nyumbani bila malipo, chini ya macho ya mavyaa.

Lakini mashine husaga choroko tu. Haisagi matarajio ya watu. Palipokuwa na lawama ya rojo lisiloumuka, pakazuka lawama ya rojo la mashine lisilo na ladha ya jiwe, na siku hizi lawama ya rojo linalonunuliwa dukani likiwa katika mfuko. Filamu ya Kimalayalam iitwayo The Great Indian Kitchen, ya mwongozaji Jeo Baby, iliyotoka mwaka 2021, inaonyesha nyumba ya Kerala ambamo baba mkwe anataka chatine iliyosagwa kwa jiwe na wali uliopikwa juu ya moto wa kuni, ingawa vyombo vya kisasa vimo humo humo jikoni. Filamu hiyo ilizusha mjadala mkubwa, kwa kuwa watazamaji wengi waliitambua nyumba hiyo.

Tufundishe nini?

Tunaposoma habari hizi, si haki kumwona mama mkwe wa Kitamil kuwa adui. Yeye naye aliwahi kuwekwa mguu juu ya jiwe, akalaumiwa, akavumilia. Na ukali wake mara nyingi ni urithi aliokabidhiwa pamoja na chungu. Tena wako wengi waliowafundisha wake za wana wao kwa upole, na ndio waliofanya ujuzi huu usipotee kwa miaka mingi. Kinachostahili kuchunguzwa ni desturi inayomfanya mgeni wa nyumba athibitishe utu wake kwa chakula.

Nasi tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo ya bahari peke yake. Kuanzia vitumbua vya pwani hadi bushera ya Kigezi na Ankole, vyakula na vinywaji tunavyoviita vya asili vimebebwa na mikono ya watu waliopimwa kwa vyakula hivyo. Tunapowaagiza wanafunzi waandike insha juu ya chakula cha kwao, tusiishie kuuliza hupikwaje. Tuwaulize pia: ni nani aliyekisaga, alijifunza kwa nani, na siku kilipoharibika, nani alilaumiwa? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kwa Kiswahili fasaha atakuwa amejifunza maana ya "mavyaa" na "mkaza mwana" vizuri kuliko atakavyojifunza kwa orodha ya ubaoni.