Iweto: Mwanamke Aoaye na Mpaka wa Adili Katika Ukambani

Utangulizi

Sarufi ya Kiswahili ina hukumu yake kuhusu ndoa: mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Msemaji akitamka kwamba mwanamke fulani ameoa, msikilizaji atadhani ulimi umeteleza, au kwamba anafanyiwa mzaha. Hata hivyo katika Ukambani, tangu nyanda za Syokimau zinazopakana na Nairobi hadi vilima vya Machakos na kwingineko, sentensi hiyo imekuwa na maana kamili kwa vizazi vingi. Mwanamke asiyejaliwa mtoto aliweza kutoa mbuzi na ng'ombe, akaoa mwanamke mwingine, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa watoto wa nyumba yake. Mwanamke aliyeolewa kwa njia hiyo huitwa iweto, na wakiwa wengi huitwa maweto. Masikioni mwa msemaji wa Kikamba neno hilo liko karibu na kitenzi kuweta, yaani kutaja. Na hakika shabaha ya ndoa hiyo ilikuwa jina la nyumba liendelee kutajwa.

Makala haya yanaichukua desturi ya iweto kuwa kielelezo cha swali lililo pana zaidi: jamii hutumia kipimo gani inapoamua kwamba mwenendo huu wa unyumba ni wa kawaida, na ule ni wa upotofu? Hoja itakayotetewa ni kwamba kipimo hicho hutokana na kile ambacho jamii inaogopa kukipoteza. Mwenye kukishika kipimo akibadilika, tendo lile lile hupewa jina jipya, ingawa watendao ni wale wale.

Kipimo cha Kale

Mwanasosholojia wa Kifaransa, Émile Durkheim, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1893 juu ya mgawanyo wa kazi kwamba watu hawalilaumu tendo kwa sababu ni kosa. Huwa ni kosa kwa sababu wanalilaumu. Maandishi ya kale juu ya Wakamba yanatoa mifano inayoshadidia kauli hiyo. J. M. Hildebrandt, msafiri wa Kijerumani aliyechapisha maelezo yake mwaka 1878, aliandika kwamba mume na mke walikatazwa kukutana kimwili wakati ng'ombe wako malishoni, tangu wanapotolewa zizini asubuhi hadi wanaporudishwa jioni. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alionyesha kwa upande mwingine kwamba ziko sherehe ambazo hazikukamilika mpaka mume na mke wakutane. Basi watu wawili wale wale, waliooana kihalali, walikuwa wakosaji saa sita za mchana, na usiku wa sherehe walikuwa wakitimiza wajibu.

Kilicholindwa hapa kinaonekana wazi. Mifugo ilikuwa uhai wa nyumba, na tendo lenye nguvu za uzazi lilidhaniwa kuwa laweza kuwadhuru au kuwabariki ng'ombe na watu, kulingana na wakati wake. Aliyevunja mwiko aliingiwa na unajisi, ambao C. W. Hobley aliuandika kwa jina la thabu. Dawa ya unajisi huo ilikuwa kutakaswa na wazee. Mkosaji alihesabiwa kuwa mgonjwa anayeweza kuwaambukiza jamaa zake, na baada ya kutakaswa alirudi mahali pake.

Kwa kipimo hicho, hofu kubwa kupita zote ilikuwa nyumba kufa bila mrithi. Hapo ndipo iweto inapopata maana yake. Mwanamke mwoaji alifuata utaratibu ule ule wa ndoa nyingine yoyote: mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa wazazi wa binti, mahari yakatolewa, na wazee wa pande zote mbili wakashuhudia. Iweto alizaa na mume wa mwanamke huyo ikiwa alikuwa hai, au na mwanamume mwingine aliyekubalika. Mwanamume huyo wa nje hakupata haki yoyote juu ya mtoto, kwa kuwa hakutoa mbuzi. Mtoto alikuwa wa nyumba iliyotoa.

Msomaji wa pwani asiione kanuni hii kuwa ngeni mno. Waswahili husema kwamba kitanda hakizai haramu. Methali hiyo inakubaliana na kanuni ya sheria ya Kiislamu inayomhesabu mtoto kuwa wa mwenye kitanda, bila kuchungulia mno yaliyotendeka gizani. Tofauti ni kwamba pwani mwenye kitanda sharti awe mwanamume. Katika Ukambani aliweza kuwa mwanamke.

Wala Wakamba hawako peke yao. Ndoa za namna hii zimeandikwa miongoni mwa Wakikuyu, Wanandi na Wakisii nchini Kenya, Wanuer wa Sudan Kusini, Walovedu wa Afrika Kusini na Waigbo wa Nigeria. Regine Smith Oboler, katika utafiti wake juu ya Wanandi uliochapishwa mwaka 1980, alionyesha kwamba mwanamke mwoaji alihesabiwa kuwa mwanamume katika mambo ya mali na urithi, na kwamba hakutarajiwa kukutana kimwili na mkewe. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu siku hizi iweto huvutwa huku na huku na watu wanaobishana juu ya jambo jingine.

Wapimaji Wapya

Mapokeo ya Wakamba yanamtaja Syokimau, mwanamke mtabiri ambaye mahali panaitwa kwa jina lake, kwamba aliona kabla nyoka mrefu akitambaa kutoka bahari moja hadi nyingine, na watu wa rangi ngeni wakibeba moto mifukoni. Nyoka huyo, ambaye wasimulizi humfasiri kuwa reli, alifika Nairobi mwaka 1899. Utabiri haukusema kwamba mabehewa yake yangebeba pia sheria.

Sheria hiyo ilikuwa imekwisha kutangulia. Kampuni ya Kiingereza ilifungua kituo Machakos mwaka 1889. Nchi ikawa himaya ya Uingereza mwaka 1895. Na mwaka 1897 sheria za India zikaanza kutumika, pamoja na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860 iliyoadhibu matendo yaliyoitwa kinyume cha maumbile. Mwaka 1930 koloni lilitungiwa kanuni yake lenyewe, na maneno hayo yakabaki. Mila za Waafrika ziliruhusiwa mahakamani kwa sharti moja kubwa: zisichukize haki na maadili. Sharti hilo liliendelea kuwamo katika Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967, baada ya uhuru. Lakini maadili ya nani? Kwa miaka mingi aliyeulizwa kama mila inachukiza alikuwa hakimu aliyelelewa mbali na Ukambani, ambaye hakuwahi kuogopa kwamba nyumba yake ingekufa kwa kukosa mtoa mbuzi.

Dini nayo ilileta msamiati. Misheni ya African Inland ilianza kazi Nzaui mwishoni mwa mwaka 1895, na katika mafundisho ya Kikristo ndoa ilikuwa ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa kipimo hicho iweto hakuwa na pa kusimama: hana mume, na ana watoto. Maneno uasherati, uzinzi na mwanaharamu, yenye asili ya Kiarabu na yaliyozoeleka katika Kiswahili cha mahubiri, yalimpa jina ambalo wazee wa ntheo hawakumpa. Hivyo upotofu uliingia katika nyumba ambayo hakuna aliyebadili mwenendo wake.

Yafaa kutambua pia kwamba walioleta kipimo hicho hawakukaa nacho. Uingereza iliacha kuwaadhibu wanaume wazima kwa matendo yao ya faragha mwaka 1967, ikianzia na Uingereza yenyewe na Wales. Chama cha matabibu wa akili cha Marekani kiliuondoa ushoga katika orodha ya maradhi mwaka 1973. India, mama wa ile kanuni ya 1860, iliipunguza makali kwa uamuzi wa Mahakama yake Kuu kabisa mwaka 2018. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 24 Mei 2019 kwamba vifungu hivyo vibaki. Kipimo cha mgeni kimekuwa cha wenyeji, nacho hutetewa kwa jina la mila.

Iweto Mbele ya Mahakama

Suala hili lingekuwa la wanazuoni peke yao lau kuwa halina ardhi ndani yake. Mwanamke mwoaji anapofariki, jamaa wa mumewe huweza kusimama na kudai kwamba iweto si mke wa mtu, na watoto wake si wa ukoo. Wale waliokula mbuzi wa ntheo wamekwisha kufa. Hati ya shamba ina jina la marehemu. Neno "mwanaharamu" hapo huwa zana ya kumtoa mtu shambani.

Eugene Cotran, alipokusanya sheria za kimila za Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1968, aliiandika ndoa ya mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa ndoa zinazotambuliwa. Katiba ya mwaka 2010 ililinda utamaduni, lakini ibara ya 45 ikataja haki ya mtu mzima kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Mwaka 2011 Jaji J. B. Ojwang wa Mahakama Kuu, Mombasa, aliitambua ndoa ya namna hii ya Wanandi, na mke aliyeolewa na marehemu akahesabiwa miongoni mwa warithi pamoja na watoto wake. Kisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ikafafanua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Iweto yumo kati ya uamuzi huo na sheria hiyo.

Hitimisho

Isidhaniwe kwamba kipimo cha kale kilikuwa cha haki tupu. Iweto mara nyingi alikuwa binti wa watu maskini, na nyumba iliyookolewa kwa tumbo lake haikuwa yake. Kila kipimo kina mtu anayekilipia. Kipimo cha ukoo kililipiwa na binti. Kipimo cha kanisa na serikali hulipiwa na yeye pamoja na wanawe.

Wanaodai kwamba Afrika ilizoea tangu zamani ndoa za mapenzi ya jinsia moja hawawezi kumfanya iweto shahidi wao, na wanaodai kwamba Mwafrika hajui ndoa ila ya mume na mke hawawezi kumkwepa. Pande zote mbili zinatazama kitanda, ilhali wazee walitazama mtoto. Leo Syokimau ina stesheni iliyofunguliwa mwaka 2012, na tangu 2017 treni mpya ya Mombasa huanzia hapo. Malisho ya jana yamekatwa kuwa viwanja, na kila kiwanja kina thamani inayoweza kumfanya ndugu amkane mtoto wa ndugu yake. Kabla ya kumwita mtoto huyo haramu, yafaa mahakama na ukoo viulize kwanza swali la wazee: nani alitoa mbuzi?